Mwanaume mwenye nywele ndefu: kutunza nywele za kipilipili bila kuziunguza

Si ajabu leo kumuona kijana mwanaume wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia mwenye nywele zilizopita masikio. Wengine wamezisuka, wengine wameziacha zisimame afro, wengine wako na rasta. Lakini wengi hawamalizi mwaka nazo. Miezi ya kwanza inapita vizuri. Kisha nywele zinakauka, zinafungana mafundo, kichanuo kinavunjika meno ndani yake, na usingizi wa usiku mmoja unaharibu kazi ya asubuhi nzima. Hapo kijana anarudi kwa kinyozi akate zote, ao anaenda butike kununua defrizan, ile dawa ya kunyoosha nywele, kusudi ziache kumsumbua. Hiyo njia ya pili njo inaacha wengine na vidonda kichwani.

Shida inaanzia mbali. Msichana anajifunza kutunza nywele akiwa mdogo, ameketi chini katikati ya magoti ya mama ao ya yaya yake. Anavutwa, analia kidogo, lakini anaona namna kazi inafanyika. Kaka yake, siku ileile ya posho, anapelekwa kunyolewa. Shule nyingi zinaomba wavulana wawe na kichwa kifupi, na hata wasichana katika shule fulani. Basi mwanaume anafika miaka 20 na zaidi hajawahi kuonyeshwa na mtu namna ya kutatua fundo moja. Anapoanza kufuga nywele, anazitunza sawa anavyotunza ngozi ya miguu: sabuni ya kufulia, vazelini, basi. Kwa ngozi inatosha. Kwa nywele haitoshi.

Unywele wa kipilipili unatoka katika kishimo kilichopinda ndani ya ngozi, na ukikatwa na kuangaliwa kwa darubini, hauko mviringo kamili. Uko bapa kidogo, sawa utepe. Njo maana unajikunja. Kichwa cha kila mtu kinatoa mafuta yake chini ya ngozi. Kwenye unywele ulionyooka, mafuta hayo yanateremka mpaka mwisho bila shida. Kwenye unywele wenye kona nyingi yanabaki palepale karibu na ngozi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ngozi ya kichwa yenye mafuta na huku nywele zake ni kavu kama majani ya kiangazi. Na kila kona ni fasi ambapo unywele unaweza kukatika.

Juu ya unywele kuna magamba madogo sana, yamepangwa moja juu ya lingine sawa vile manjanja juu ya nyumba. Yakilala vizuri, unyevu unabaki ndani na nywele zinang'aa. Yakiinuka, wakati wa kiangazi unyevu unatoka, na wakati wa mvua unyevu wa hewa unaingia ovyo: kila unywele unavimba na kushika njia yake, kichwa kizima kinatimka. Wakaaji wa Bukavu, muji ambao mvua inaanza Septemba na kuendelea karibu mpaka Juni, wanaijua hali hiyo vizuri.

Kwa hiyo lile neno "nywele ngumu" linadanganya. Unywele wa kipilipili ukivutwa, unakatika kwa nguvu ndogo kuliko unywele ulionyooka. Kinachoonekana kuwa ugumu ni ukavu na mafundo. Mwanaume anayeamini kwamba nywele zake ni ngumu anatumia nguvu: kichanuo chembamba, sabuni kali, dawa kali. Nguvu hiyo njo inazimaliza.

Jambo lingine linalovunja watu moyo ni kuona nywele "hazikui". Zinakua. Kwa kawaida ni karibu sentimita moja kwa mwezi, mara nyingi pungufu kidogo kwa nywele za Kiafrika. Lakini zikikauka zinajikunja, na urefu unaoonekana unapungua kwa nusu ao zaidi. Mtu aliyefuga mwaka mzima anaweza kuwa na sentimita kumi kamili akivuta unywele mmoja kati ya vidole, na kioo kinamuonyesha nne. Anafikiri dawa aliyonunua haifanyi kazi, ananunua nyingine. Pesa inaenda bure.

Sasa maji. Katika muji kama Goma, ambapo familia nyingi zinachota ziwani ao kununua maji kwa bidoni, kuosha nywele ndefu ni hesabu. Wengine wanajimwagia bidoni nzima ya litri 20 na bado povu linabaki ndani. Inasaidia kugawa nywele mafungu manne, kila fungu lifungwe peke yake, kisha kuosha fungu moja-moja kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa vishimo kwenye kifuniko. Maji yanafika kwenye ngozi bila kumwagika ovyo, na litri chache zinatosha. Si lazima kila siku. Mara moja kwa siku saba ao kumi ni vema kwa mtu wa kazi ya kawaida. Mwenye kufanya kazi kwenye vumbi, kama mwashi ao motari, anaweza kupitisha maji matupu katikati ya wiki, bila sabuni.

Maji yenyewe hayafanani. Maji ya Ziwa Kivu na ya Ziwa Tanganyika yana chumvi nyingi za madini, magnesi kati yake, na kipimo chake cha pH kinafika karibu 9. Kwenye kipimo hicho 7 ni katikati. Chini yake ni upande wa uchachu kama ndimu, juu yake ni upande wa majivu na soda. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5,5. Sabuni ya kipande, ile ya kufua, nayo iko karibu 9 ao 10. Mtu akiosha kichwa kwa sabuni ya kipande na maji ya ziwa, magamba ya unywele yanainuka, na madini yanashikana na sabuni kutengeneza ule utando mweupe unaobaki pia kwenye beseni. Wengi wakiona weupe huo kichwani wanafikiri ni mba, wanaongeza sabuni.

Mwenye uwezo atumie shampu, hata ya bei ya chini, juu shampu imetengenezwa isiache utando huo. Mwenye kuwa na sabuni ya kipande tu amalizie kwa maji yenye uchachu kidogo: maji ya nusu ndimu ndani ya litri moja ya maji, ao vinegre vijiko viwili. Anamwaga polepole, macho yakiwa yamefungwa, kisha anasuuza tena kwa maji safi kabla ya kutoka kwenye jua, maana ndimu iliyobaki kwenye ngozi juani inaweza kuiunguza. Kama kichwa kina kidonda, aache ndimu kabisa. Maji ya mvua kutoka kwenye manjanja hayana madini mengi na yanasuuza vizuri kuliko ya ziwa. Mvua ya kwanza iachwe ipite kusudi isafishe vumbi. Upande wa Nyiragongo, moshi wa volkano unaweza kuyatia maji hayo asidi na floridi, kwa hiyo bidoni ya kuoshea nywele isichanganywe na ya kunywa.

Kisha kuosha, kazi ya kichanuo. Hapa njo wanaume wengi wanapoteza nywele kuliko fasi nyingine yote. Nywele za kipilipili hazichanwi zikiwa kavu. Zinachanwa zikiwa na maji, zimepakwa kitu cha kuteleza, kama krimu ya kulainisha ao mafuta, kwa vidole kwanza, kisha kwa kichanuo cha meno mapana. Na inaomba kuanzia mwisho wa nywele, kupanda polepole kuelekea kwenye ngozi. Mtu anayeanzia kwenye ngozi anasukuma mafundo yote madogo mpaka yanakutana na kuwa fundo moja kubwa, na hilo halitoki bila kukata. Mwanaume asiye na subira ya nusu saa kwa wiki afadhali abaki na nywele fupi, hakuna ubaya. Mtu asiogope akiona nywele kwenye kichanuo: kichwa cha mtu mzima kinaangusha kati ya 50 na 100 kwa siku. Kama amekaa wiki nzima bila kuchana, zote zinatoka siku moja na zinaonekana kama balaa.

Kuhusu mafuta kuko maneno mengi sokoni, na kila muuzaji ana chupa yake ya miujiza. Jambo la kwanza: mafuta hayaleti maji. Kazi yake ni kufungia maji yaliyo ndani yasitoke. Vazelini kwenye nywele kavu inafungia ukavu na kukamata vumbi, basi. Maji kwanza, mafuta kisha, kidogo tu, zaidi kwenye ncha za nywele kuliko kwenye ngozi.

Jambo la pili: mafuta hayafanani. Mafuta ya nazi yamechunguzwa sana, na yanaweza kuingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta kama vazelini yanabaki juu. Lakini nazi si zao la Kivu, na chupa zinazofika zina bei. Habari nzuri ni kwamba mafuta yanayotolewa ndani ya kokwa la ngazi, yale ya jiwe lenyewe na si mawese mekundu ya nje, yanafanana sana na ya nazi kwa muundo: asidi ya lauriki inakaribia nusu yake katika yote mawili. Ba mama wanayatengeneza katika vijiji vingi vyenye michikichi. Yakikaangwa sana yanakuwa meusi na harufu inapanda, kwa hiyo yale meupe ni bora kwa mtu anayeenda ofisini. Njia inayofaa ni kupaka nusu saa kabla ya kuosha. Mawese mekundu yenyewe hayadhuru nywele, ila yanaharibu shati na mto wa kulalia. Mafuta ya mbarika ni mazito na yanashika vizuri kwenye ncha. Karite, ambao mti wake unaota Uganda kaskazini na pembe ya kaskazini-mashariki ya Kongo, inafaa wakati wa kiangazi.

Usiku unahesabika pia. Kikwembe ao mto wa pamba vinanyonya unyevu na kusugua nywele saa nane mfululizo. Fulari ya satini, kile kitambaa cha kuteleza, inatosha kumaliza nusu ya shida. Vijana fulani wanaona haya kulala na fulari, wanasema ni kitu cha wanawake. Wazee wa Waluba, upande wa Katanga, hawakuwa na haya hiyo: walichonga vigoda vya mbao vya kulalia shingo kusudi mitindo ya nywele iliyochukua masaa mengi isiharibike usingizini, na wanaume kwa wanawake walivitumia. Leo vigoda hivyo viko katika makumbusho ya Ulaya, na vingine vinauzwa kwa pesa ambayo ingeweza kujenga nyumba.

Defrizan inaomba maneno marefu kidogo, juu njo yenye hatari. Aina nyingi zina soda kostiki, ileile ambayo ba mama wanachanganya na mawese kutengeneza sabuni. Kipimo chake cha pH kiko kati ya 12 na 14. Inavunja vifungo vinavyoshika umbo la unywele, na vifungo hivyo havirudi. Kinachotoka kipya kwenye ngozi kinatoka kipilipili sawa mwanzo, kwa hiyo kisha wiki chache mtu ana aina mbili za unywele kwenye kichwa kimoja, na pale zinapokutana njo zinakatika. Ngozi nayo inaungua haraka. Wanaume wanaungua kwa sababu mbili hasa. Wanaiacha kupita dakika zilizoandikwa kwenye kikopo, wakiamini nywele zao zinaomba muda zaidi. Na wanajipaka nyumbani, maji yakiwa kidogo. Dawa inaanza kuchoma, kijana anatafuta maji, bidoni iko tupu. Anayeamua kuitumia licha ya hayo asijikune wala kuosha kichwa siku moja ao mbili kabla, asipake juu ya kidonda ao kipele, awe na bidoni mbili zilizojaa karibu naye kabla ya kufungua kikopo, na atoe dawa mara tu inapoanza kuchoma, bila kungoja saa itimie. Ikiingia kwenye macho, ni kumwagilia maji mengi robo saa nzima, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kusuka ni njia tulivu zaidi, kama msukaji hakazi. Mtu akitoka kusukwa na kushindwa kuinua nyusi, ao akiona vipele vidogo kwenye mstari wa paji la uso, misuko imekazwa kupita kiasi na inaomba kufunguliwa, hata kama imelipiwa jana. Nywele za pembeni, juu ya masikio, njo zinatangulia kuondoka. Mwanzoni zinarudi zikiachwa zipumzike. Mtu akiendelea kuvutwa mwaka kwa mwaka, kishimo kinafunga na pale panabaki wazi kwa maisha. Misuko ya mwanaume ikae wiki tatu ao nne, kisha ifunguliwe, nywele zioshwe na kupumzika siku chache.

Rasta nazo zinaoshwa, kinyume na wanavyosema watu. Zinaoshwa na zinakaushwa mpaka ndani, maana rasta nzito inayobaki na maji katikati inaanza kunuka na kuota ukungu. Siku ya kuosha iwe siku ya jua, asubuhi. Motari wako na shida yao peke yao: kaske inafunga jasho, vumbi na joto pamoja. Kuvaa kaske juu ya nywele mbichi ni kuzalisha fangasi. Fulari nyembamba chini ya kaske inasaidia, na ifuliwe kila jioni. Abiria wanaopewa kaske iliyovaliwa na watu kumi kabla yao nao wangefanya vema kuwa na fulari mfukoni.

Kuko pia macho ya watu. "Weye uko mwanaume ao mwanamuke?" Swali hilo kila mwenye nywele ndefu amelisikia, kwenye mstari wa maji ao mbele ya kanisa. Wachungaji fulani wanafungua barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorinto, sura ya 11. Vijana wanawajibu kwa Samsoni na misuko yake saba, na mabishano hayaishi. Wengine wanaitwa maibobo ao majambazi. Kwa rasta hasa, woga una mizizi ya kweli: katikati ya miaka ya 2000, upande wa Walungu, kikundi cha wenye silaha kilichoitwa Rasta kiliua na kuteka wakaaji, na wapiganaji wa vikundi vingine pia wameonekana na nywele za namna hiyo. Mama aliyekimbia usiku ule hawezi kuona rasta na kufikiria muziki. Vijana wengi wanaosafiri barabarani wanajua hilo, na wanazifunga nyuma na kuzifunika kabla ya kufika kwenye kizuizi.

Lakini kusema kwamba mwanaume Mwafrika hakufuga nywele, hiyo si kweli. Mwaka 1870, Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ulaya, alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, katika eneo ambalo leo ni Haut-Uele. Aliandika kwamba wanaume na wanawake wa huko walitengeneza nywele kwa namna moja, zikipandishwa nyuma ya kichwa sawa mnara, na wanaume wakiweka kofia ya majani juu yake. Ngambo ya pili ya Ziwa Kivu, Rwanda, vijana wanaume walinyoa amasunzu, ile mitindo ya vilima vya nywele, na kuitunza ilikuwa alama ya mtu anayejiheshimu.

Jambo la mwisho ni la afya. Wanaume wanaonyoa nyuma ya shingo na kuacha juu nywele ndefu wanapata mara nyingi vipele vigumu kisogoni. Wembe na mashini vikipita chini sana, unywele unaojikunja unarudi kuingia ndani ya ngozi. Kuacha milimita chache ya nywele pale kunazuia mengi, na wembe wa kinyozi uwe mpya ao mashini isafishwe kwa alkoholi mbele ya mteja, juu damu kidogo inaweza kubeba virusi vya homa ya ini B na vya ukimwi. Viraka vya mviringo vyenye magamba, na nywele zilizokatika karibu na ngozi, si mba. Mara nyingi ni mapunye, ugonjwa wa fangasi unaoshika watoto hasa, na unapita kwa kichanuo, kofia na mashini. Pomada peke yake haiuponyeshi, maana fangasi wako ndani ya unywele; muuguzi anatoa vidonge, na kwa dawa kama griseofulvini vinamezwa wiki sita ao nane bila kuruka. Wakati huo watoto wote wa nyumba waangaliwe vichwa, na vichanuo vya zamani vitupwe ao vichemshwe.